MSITU, MAJI NA HATI: AKINA MAMA NA UTUNZAJI WA ARDHI YETU

(Maneno yaliyotolewa na mjumbe wa Kamati ya Mikopo siku ya sherehe ya miaka kumi ya kikundi)



Nimeombwa niseme machache juu ya hifadhi ya ardhi. Najua harufu ya pilau mnaisikia, kwa hiyo sitawachosha.

Tukisikia neno hifadhi, wengi tunamfikiria askari mwenye bunduki na mtaalamu mwenye darubini. Lakini sikilizeni habari ya Rungwe. Mwaka 2003 watafiti waliwasikia wawindaji wa Kinyakyusa wakimtaja mnyama aitwaye kipunji. Wakamtafuta mlimani, wakamwona: kima ambaye hakuwemo katika kitabu chochote cha wataalamu. Mwaka 2005 akatangazwa duniani, kwa jina lile lile la wenyeji. Wazee walikuwa wanamjua siku zote, ila hakuwa ameandikwa. Shikeni neno hilo, kuandikwa, maana nitalirudia.

Hapa Iringa tunao wenzetu wa tarafa za Idodi na Pawaga, jirani na Hifadhi ya Ruaha. Zamani mnyama alikuwa wa serikali. Wa mwanakijiji ulikuwa ni mahindi yaliyoliwa. Katika miaka ya 1990 vijiji vikaanza kupewa mgawo wa wanyama wa kuwindwa, wakauza wenyewe, na fedha zikaingia katika mfuko wa kijiji. Ndipo ukaja MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Vijiji 21 vilikubaliana kutenga ardhi yao, vikaunda jumuiya, vikaweka askari wao wa doria, na mwaka 2007 eneo likatangazwa rasmi kuwa la hifadhi ya jamii. Mambo hayakunyooka yote. Tembo hawasomi mipaka, na fedha ya darasa haimrudishii mama gunia lake. Hata hivyo mwekezaji akija, anakaa mezani na wanakijiji, kwa sababu wana karatasi.

Sasa jamani, katika karatasi hizo mwanamke yuko wapi?

Sheria imetuweka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Inasema pia kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Akina baba msikunje uso, sikuitunga mimi! (Vicheko.) Mwaka 2014, katika kijiji cha Ilalasimba, Iringa Vijijini, vijana wa kijiji walifundishwa kupima mashamba kwa simu za mkononi, na kazi hiyo ikaenea vijiji vingine vya wilaya. Akina mama wakaandikwa katika hati za hakimiliki ya kimila, wengine peke yao, wengine pamoja na waume zao. Mama wa namna hiyo mume akifariki, shemeji akija na maneno yake, anafungua sanduku.

Asiye na hati atatunza nini? Unamwambia panda miti ya asili, ngoja miaka ishirini, naye hajui kama mwakani shamba litakuwa lake au limeuzwa kwa mtu wa Dar es Salaam anayetaka kupanda misonobari.

Na maji je? Vijito vyetu vinaingia Ruaha Mdogo, nao unaingia Ruaha Mkuu. Ruaha Mkuu wenyewe unatoka milima ya Mbeya na Njombe, unapita Usangu na Ihefu, unaingia hifadhini, hata Mtera. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka hifadhini wakati wa kiangazi. Mashamba makubwa ya mpunga ya Usangu yanatajwa sana, na ni haki yatajwe. Lakini hata sisi wa vinyungu tumo. Anayejua wa kwanza kwamba chemchemi imepungua ni yule anayebeba ndoo, tena kabla ya mtaalamu yeyote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka chanzo cha maji ziachwe bila shughuli ya kuharibu. Milingoti imesimama ndani ya mita hizo, na mingine, tuseme kweli, imepandwa kwa mkopo wa mfuko huu huu.

Kwa hiyo Kamati ya Mikopo inaleta mambo mawili mbele ya mkutano mkuu. La kwanza, tusitoe tena mkopo wa milingoti ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Mkopo wa miche ya parachichi au miti ya asili, mbali na mto, uendelee. La pili, tufungue mkopo mdogo wa hati, wa riba nafuu, mwanachama alipie gharama za kuandikisha shamba kwa jina lake au la wote wawili. Najua wapo wanaopinga la kwanza, maana mlingoti unalipa haraka. Waje waseme mkutanoni, tusinong'one kisimani.

Fomu ziko kwa Katibu. Jumamosi saa tatu asubuhi tutaanzia chemchemi ya juu na kamba ya kupimia. Mwenye shamba pale naomba awepo mwenyewe.