Pima Kisima Kabla ya Kununua Vifaranga

Maelezo ya afisa wa uvuvi kwa wakazi wa Mji wa Kale na Kisiwani kuhusu samaki wa kufuga nyumbani



Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Nifuge samaki gani?" Nami hujibu kwa swali: kisima chako kina chumvi kiasi gani, na ulikipima mwezi gani?

Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mvua huzama ndani ya mwamba, na yale maji baridi hukaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini yake. Wakati wa masika kisima hupungua chumvi. Kufikia mwisho wa kaskazi, Februari na Machi, watu wakiwa wamechota sana, chumvi hupanda. Mzee mmoja wa hapa hapa alipima maji mwezi wa Juni, akaridhika, akatia vifaranga 200 vya tilapia kwenye tangi uani. Ilipofika Februari walikuwa wamedumaa, wana vidonda, wanaelea mmoja mmoja. Alipima maji ya msimu mmoja akafugia ya mwingine. Pimeni mwisho wa kaskazi, kisima kikiwa katika hali yake mbaya zaidi.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Tilapia wa Nile, ndiye anayepatikana kwa wazalishaji wengi wa vifaranga, hufanya vizuri maji yakiwa chini ya gramu 10. Itishe madume watupu, kwa sababu akichanganywa na majike huzaa akiwa bado mdogo, na mwisho wa yote unavuna dagaa badala ya kitoweo.

Tena msijaze kupita kiasi. Mabwawa ya mpango wa serikali wa mwaka 2009 yalikuwa ya mita 300 za mraba, yakatiwa vifaranga 1,000, yaani kama watatu kwa kila mita. Tangi la mita 6 za mraba, basi, ni la samaki ishirini hivi, labda uwe na mashine ya kupuliza hewa na uwe unabadilisha maji. Mzee wetu alikuwa na 200. Hata maji matamu yasingemwokoa.

Kambale anaweza kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo tangi dogo halimsumbui sana. Lakini chumvi haipendi, na mkubwa humla mdogo, lazima uwatenge kwa ukubwa. Halafu ulizeni nyumbani kwanza. Watu waliozoea changu na tafi wengine hawataki hata kumwona samaki asiye na magamba, na sufuria si ya afisa wa uvuvi.

Wenye maji ya chumvi huniuliza mwatiko. Ni samaki mzuri, anavumilia chumvi ya bahari yenyewe, na vikundi vya Kilifi na Kwale humfuga kwenye mabwawa kando ya mikoko. Ila hazai bwawani. Vifaranga vyake huvuliwa kwenye vijito vya bahari wakati wa bamvu, na anataka bwawa pana. Tangi la uani Kibokoni halimfai, na kukata mikoko ili upate nafasi ni kosa kisheria.

Anayetaka kutumia maji ya kununua apige hesabu. Tangi lile la mita 6, kina cha mita moja, linachukua lita 6,000, ambayo ni mitungi 300 ya lita 20. Ya mfereji yana klorini. Yaacheni wazi juani siku mbili kabla ya kutia samaki.

Jambo moja linaniuma zaidi kuliko chumvi. Visima vingi vya Kisiwani viko karibu na mashimo ya vyoo. Kabla ya kufuga samaki wa kuwalisha watoto, waombeni watu wa afya ya umma wapime pia vijidudu.

Na atakayechoka kufuga asimwage samaki wake mtoni. Tilapia wa Nile si wa mito ya Pwani. Huzaliana na perege wetu wa asili na kuharibu mbegu yao.

Kwa chumvi, nusu lita kwenye chupa safi inatosha. Andikeni juu yake jina, mtaa na tarehe mliyochota.