Tumeshika tena biki

Maneno ya kikundi cha kuandika, yaliyosomwa mbele ya mkutano mkuu



Mmetuuliza sababu gani tuliomba ushirika utununulie kaye, wakati wenzetu wengine nyumba zao hazijaezekwa bado. Ni ulizo la haki. Tunajibu.

Wengi wetu tulikuwa shule ya msingi vita ilipofika Uvira na Fizi mwaka 1996. Dikte tuliiogopa, lakini siku ya redaksio tulikuwa tunaingoja. Mwalimu anaandika kichwa ubaoni, "Siku niliyokwenda ziwani na baba", na siye tunasahau hata njaa. Mmoja wetu aliandika mpaka kaye ikaisha, akaendelea kwenye karatasi ya kufungia chumvi. Kaye zile zilibaki nyumbani. Siku ya kukimbia tulibeba sufuria na watoto.

Tulivuka Tanganyika, tukafika kambini, Lugufu na Nyarugusu. Kule pia tuliandika, lakini tuliandika majina kwa ajili ya chakula, majibu ya maulizo ya ofisi, na barua za Msalaba Mwekundu za kutafuta ndugu, ambazo zilikubali habari za jamaa tu, tena zilitembea bila kufungwa. Neno moja likikosewa, unaogopa faili itaharibika. Miaka mingi tuliandika kwa kujibu tu. Ule utamu ukatutoka polepole, hata hatukuona.

Tulirudi, wengine kwa meli zilizoanza 2005 kutoka Kigoma hadi Baraka, wengine nyuma yao. Halafu mwaka jana mwandishi wa ushirika aliugua, akamwomba mama mmoja amshikie kaye ya mikutano. Mama akaandika nani alikuja, nani alilipa mchango. Kisha, ukurasa wa mwisho, akaandika namna marehemu mama yake alivyokuwa anaimba akisonga bugali. Siku ya kurudisha kaye aliomba radhi juu ya kuichafua. Mwandishi alisoma, akanyamaza, akamwambia: "Endelea."

Kikundi kilianza hapo. Tuko tisa. Tunakutana Jumamosi, tukitoka shamba. Makosa ya herufi hatuyasemi. Lakini tuko na sheria moja, na tuliipata kwa machozi: kaye ya mwenzako haisomwi bila yeye kukubali. Mmoja wetu aliandika juu ya kaka yake aliyebaki njiani. Mtu aliisoma kwa sauti, na jamaa yake ikasikia mambo ambayo haikuwa tayari kusikia. Tulikwenda kuomba msamaha. Alikaa wiki tatu bila kuja. Sasa amerudi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wanaojua majina ya vijiji vyetu vya zamani na mipaka ya mashamba wanatuacha mmoja mmoja. Watoto waliozaliwa kambini wanatuuliza, na siye tunabahatisha.

Kwa hiyo ombi letu ni dogo: kaye tisa, biki, na taa moja ya jua. Mabati yatangulie, siye tutangoja.

Na wewe mama, wewe papa, uliyependa redaksio zamani, karibu Jumamosi. Hakuna atakayekuuliza namba ya karti.