Kutoka Kwata Hadi Ofisi ya Kijiji: Tuwapokee Vijana Wetu



Wabeja sana mliotoka Maswa, Meatu, Itilima na Busega, na ninyi wenzetu mnaoishi Mwanza na Dar es Salaam. Sisi tulioitwa kusema leo ni watumishi wa umma kutoka hapa Bariadi ambao tulivaa magwanda kabla ya kukalia kiti cha ofisi. Tumeombwa tueleze safari hiyo.

Tangu Jeshi la Kujenga Taifa lianzishwe tarehe 10 Julai 1963, vijana wamefundishwa humo kulima, kujenga na kulinda nchi. Wanaojitolea hukaa miaka miwili. Lakini matangazo ya kuwaita husema wazi kwamba JKT halina jukumu la kuwatafutia ajira baada ya mkataba. Wachache huchukuliwa na JWTZ, Polisi au Magereza. Waliobaki hurudi nyumbani na begi moja. Mzazi aliyechinja mbuzi siku ya kuwaaga huuliza, "Mbona umerudi?" Swali hilo limewafanya wengine wapotelee mijini kwa aibu.

Mmoja wetu aliulizwa hivyo. Wiki mbili hakuonekana sokoni. Baadaye akaomba kazi ya mtendaji wa kijiji, akakwama mara mbili. Kwanza, kazi ile haitaki kidato cha nne peke yake. Inataka pia astashahada katika fani kama utawala, sheria au maendeleo ya jamii. Pili, cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa na jina la babu, cha shule kilikuwa na jina jingine. Hakuna aliyemwambia mapema. Ukoo ukauza ng'ombe wawili, akaenda Chuo cha Serikali za Mitaa, Hombolo, Dodoma. Alipohitimu akatengeneza majina yake kwa kiapo, akaomba tena, akaitwa kwenye usaili, akapata.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kwenye mkutano wake wa kwanza alisimama kama yuko kwenye gwaride: "Kesho saa moja asubuhi, kila kaya ilete mtu kwenye ujenzi wa darasa!" Kesho yake walikuja watu wanne. Mzee mmoja akamwita pembeni: "Mwanangu, hapa hatuendi kwa amri. Tusomee kwanza mapato na matumizi, halafu utuombe." Akaitisha mkutano mwingine, akasoma hesabu yote, hata ya misumari. Watu wakaja na majembe yao.

Ndugu zetu, hilo ndilo tulilojifunza sote. Jeshini tulifundishwa kutii, kuwahi na kutunza mali. Kijijini mkutano mkuu ndio wenye kauli, na mtendaji ni mtumishi wake. Mwenye nidhamu ya jeshi akikubali pia kuhojiwa na wananchi, mnapata mtumishi mzuri kweli.

Kwa wazee wetu wanaostaafu jeshini, mlango ni mwingine. Matangazo mengi ya ajira serikalini hutaka mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa aliyeko serikalini tayari. Lakini uenyekiti wa kitongoji na wa kijiji hupatikana kwa kura, na uchaguzi huo hufanyika kila baada ya miaka mitano. Wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, kwa hiyo hatua hiyo husubiri avue gwanda. Hata Luteni Kanali Jakaya Kikwete, vyama vingi vilipoanza mwaka 1992, aliacha jeshi ili aendelee na siasa. Umoja wetu hauna chama. Tunachosema ni kwamba uzoefu wa wastaafu hawa usiishie kwenye kiti cha kahawa.

Sasa ombi letu. Mchango wa mwaka huu tunaomba ufanye mambo matatu. La kwanza, kuwalipia ada ya astashahada vijana waliomaliza JKT ambao koo zao hazina ng'ombe wa kuuza. La pili, kuweka meza moja mjini Bariadi, yenye kompyuta na mtu wa kukagua vyeti na majina kabla kijana hajatuma maombi Sekretarieti ya Ajira. La tatu, kuwakutanisha vijana hao na watendaji wazoefu, wajifunze kuendesha mkutano na kusoma hesabu mbele za watu.

Mwenye fedha atoe fedha. Mwenye pamba atoe pamba, mfugaji atoe ndama. Aliye ofisini atoe Jumamosi moja ya kumwelekeza kijana. Nasi tutarudi mbele yenu mwakani na kusoma matumizi yote, kama yule mzee alivyotufundisha.

Na kijana akishuka stendi na begi lake, tusimuulize kwa nini amerudi. Tumwambie, "Karibu nyumbani, kazi ipo."