Mbolea ya maji kwa bustani yako

Msikilizaji, majani ya chini ya sukuma wiki yako yanageuka manjano? Huenda mboga zinakosa naitrojeni. Basi itafute kando ya barabara, kwenye alizeti pori, ule mmea wenye maua ya njano. Majani yake yana naitrojeni nyingi.

Katakata majani mabichi. Yatie kwenye gunia, lifunge, ulizamishe ndani ya pipa la maji. Funika, weka kivulini. Koroga kila baada ya siku chache. Harufu itakuwa kali. Usiogope, ni majani yanayooza. Baada ya wiki mbili mbolea iko tayari.

Sasa sikiliza vizuri. Usiitumie bila kuizimua. Ikiwa nzito, huunguza majani. Ongeza maji mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi. Chuja, kisha nyunyizia asubuhi mapema au jioni, jua likipoa. Narudia: zimua kwanza, ndipo unyunyizie.

Na kama badala ya majani umeloweka samadi, usinyunyizie mboga zinazoliwa mbichi kamwe. Samadi hubeba vijidudu vya kuharisha. Hiyo mwagia udongo, chini ya shina, kwenye mazao ya kupikwa. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni.