Mazungumzo juu ya Vikuza Sauti

Mimi ni mkazi wa Mbamba Bay, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, na vikuza sauti ndio mchezo wangu tangu ujana. Baba alikuwa na redio ya valvu. Betri yake ilipokwisha, nyumba ilikaa kimya mpaka usipa wauzwe Mbinga. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, ndiyo iliyotupunguzia taabu ile, kwa kuwa hula umeme kidogo sana.

Basi nami nikawa nabadili mitambo mwaka hata mwaka. Siku moja niliuza mbuzi wawili, nikanunua amplifaya iliyoandikwa wati 1000. Nilipoifunga kwa betri ya volti 12 na spika ya omu 4, haikuishinda ile ya zamani. Nikapiga hesabu, nayo ilinipasa niipige kabla ya kuuza mbuzi: mtambo usiopandisha volti hautoi hapo hata wati 5, ukiisukuma spika kwa pande zote mbili, hautapita 18. Tena sikio halioni sauti imekuwa maradufu mpaka wati ziongezwe kama mara 10.

Nikairudia ile ya zamani. Nikaweka waya mnene, na spika nikaitia katika sanduku la mninga lisilo na ufa. Jioni ile mke wangu, asiyejali mambo haya, alitoka jikoni akauliza ni mgeni gani anayeimba.