Mizani Kabla ya Sindano

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika na wahisani, Mzumbe



Mmeuliza kwa nini orodha ya vifaa vya upasuaji wa watoto inaanza na mizani. Naomba nijibu.

Ngiri ya kinena kwa mtoto kwa kawaida ni ya kuzaliwa: njia ndogo kutoka tumboni haikujifunga, na utumbo unashuka. Haiponi kwa dawa wala kwa kufungwa kitambaa. Tiba yake ni upasuaji. Mtoto akishalala kwa nusu kaputi, mtaalamu wa usingizi huchoma dawa ya ganzi karibu na mishipa ya fahamu ya kinena, ili akiamka asipate maumivu makali.

Dawa hiyo ina kikomo. Kwa bupivakeini, kikomo kinachotumika sana ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito. Tuchukue watoto wawili wa miaka 3 kutoka milima yetu ya Uluguru. Mmoja ana kilo 14, kikomo chake ni miligramu 35. Mwenzake ana kilo 10, kikomo chake ni 25. Umri ni mmoja, lakini kipimo cha yule wa kwanza kinaweza kumdhuru wa pili.

Chupa nazo hutofautiana. Ya asilimia 0.5 ina miligramu 5 kwa mililita. Ya asilimia 0.25 ina nusu yake. Kwa hiyo mtoto wa kilo 10 hapaswi kuzidi mililita 5 za ile kali. Na ngiri ikiwa pande zote mbili, sindano zote huhesabiwa pamoja.

Dawa ikizidi, au ikiingia kwenye mshipa wa damu, mtoto anaweza kupata degedege, hata moyo ukasimama. Ndiyo maana orodha yetu ina pia oksijeni na dripu ya mafuta ya asilimia 20 kwa dharura hiyo.

Wahisani, mizani si kitu kidogo. Wajumbe, waelimisheni wazazi waulize bila woga: "Mtoto amepimwa uzito leo?" Tena, uvimbe ukiwa mgumu, haurudi ndani na mtoto anatapika, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.