Barua Iliyoonwa Si Barua Iliyosomwa

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotangazwa redioni wiki iliyopita.)



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa umbo ni dogo, lakini limekwisha kuwakosesha watu kazi. Nalo ni alama ambazo kompyuta huzitia juu ya barua pepe zetu: hii imeonwa, hii imejibiwa, hii imefutwa, hii ni taka. Alama hizi tunaziona kila siku. Barua ikiwa na maandishi mazito tunasema haijasomwa, yakiwa mepesi tunasema imesomwa, basi, tunaendelea na shughuli zetu. Ni wachache wanaojiuliza alama hiyo imetiwa na nani, inakaa wapi, na ina maana gani hasa.

Hapa kwetu posta haikuwa na desturi ya kumpitia kila mtu mlangoni kwake. Barua huja kwenye sanduku, S.L.P. namba fulani, na masanduku siku zote yamekuwa machache kuliko watu. Kwa hiyo wengi wetu tulipata barua kupitia sanduku la shule, au la misheni, au la shamba la mkonge, au la mjomba aliyeajiriwa serikalini. Katika mji kama Kilosa, ambao ulikua kando ya reli ya kati, mtu alisikia treni imeingia, akangoja mfuko wa barua ufike posta, kisha akaenda kumwuliza mwenye sanduku kama kuna chochote. Utaratibu huu ulikuwa na udhaifu wake, maana mjomba aliweza kuifungua barua isiyo yake. Lakini akiifungua, bahasha yenyewe ilisema. Ilikuwa imechanika. Hata akiibandika kwa gundi, jicho la mwenye barua liliona.

Barua pepe haina bahasha ya kuchanika. Ukiifungua mara mia moja inabaki vile vile, safi. Ndiyo sababu waliotunga mitambo ya barua hizi walilazimika kuweka alama pembeni ya barua, kama karani wa masijala anavyogonga muhuri wa kupokelewa, akatia namba ya faili, na akaandika pembeni kwamba imeshughulikiwa.

Utaratibu unaotumika zaidi kwa kazi hii unaitwa IMAP. Ulianza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa kazi ya mtaalamu aliyeitwa Mark Crispin, ambaye alifariki mwaka 2012. Utaratibu mwingine unaojulikana, uitwao POP, kwa kawaida huichukua barua na kuipeleka kwenye kompyuta yako, na posta haijui umeifanya nini. IMAP huiacha barua kule kule kwenye kompyuta kuu, yaani seva, na wewe unaisoma kutoka mbali. Na alama nazo zinakaa kule kule. Hapo ndipo penye faida, na hapo ndipo penye mtego. Faida ni kwamba ukisoma barua kwa simu asubuhi, ukifika ofisini kompyuta inajua umekwisha kuisoma. Mtego ni kwamba seva haikujui wewe. Inalijua neno la siri tu. Yeyote mwenye neno hilo ni wewe.

Alama za msingi katika utaratibu huo ni tano: imeonwa, imejibiwa, imewekewa bendera, imefutwa, na bado inaandikwa. Ndani ya mtambo huandikwa kwa Kiingereza, kila moja ikitanguliwa na mkwaju ulioinamia nyuma. Ilikuwapo ya sita, iliyosema barua ni ngeni. Hiyo ilikuwa na tabia ya ajabu: yule wa kwanza kufungua sanduku ndiye aliyeambiwa kuna wageni, na aliyekuja nyuma yake hakuambiwa kitu. Katika toleo jipya la utaratibu huo, lililotolewa mwaka 2021, alama hiyo imeondolewa. Sioni mtu aliyeililia.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini juu ya ile ya kwanza, imeonwa. Watu wengi wanadhani maana yake ni kwamba mtu ameisoma barua. La hasha. Kwa kawaida inatiwa pale programu inapochukua mwili wa barua kutoka kwenye seva. Ziko programu zinazoitia papo hapo unapoigusa barua, na ziko zinazoitia baada ya barua kukaa kwenye kioo kwa sekunde chache, hata kama mwenyewe umekwenda kuteka maji. Tena iko njia ya pili, ambayo katika lugha ya mtambo inaitwa kuchungulia, ambapo programu huchukua barua yote, neno kwa neno, bila kutia alama yoyote. Na anayeweza kutia alama anaweza pia kuiondoa. Kwa hiyo barua yenye alama ya kuonwa inaweza kuwa haijasomwa na mtu yeyote duniani, na barua isiyo na alama inaweza kuwa imesomwa na watu watatu.

Nilikuwa Magomeni hivi karibuni. Msije mkadhani ni Magomeni ya Dar es Salaam. Nasema kata ya Magomeni, wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro. Pale nilielezwa kisa cha kijana mmoja aliyemaliza chuo na kutafuta kazi kwa muda mrefu. Kijana huyu alifunguliwa anwani ya barua pepe kwenye duka la stesheneri mjini, mahali wanapopiga chapa, kutoa nakala na kujaza fomu za maombi. Mwenye duka ni mtu mwema. Alimfungulia anwani, akamtungia neno la siri, akaliandika katika daftari lake pamoja na ya wateja wengine, na akaiacha anwani ile wazi kwenye kompyuta ya dukani ili kazi iende haraka mteja akirudi. Baadaye kijana alipata simu ya kisasa, naye akaingiza anwani ile ile humo.

Barua ya kuitwa kwenye usaili ilipokuja, kompyuta ya dukani ndiyo iliyoifungua kwanza. Msaidizi wa duka alikuwa anatafuta viambatisho vya mteja mwingine, akapita juu yake, akaendelea. Alama ikatiwa kwenye seva. Simu ya kijana haikuonyesha maandishi mazito, na yeye, kama sisi sote, alikuwa amejizoeza kutafuta maandishi mazito tu. Vifurushi vya intaneti vinanunuliwa kwa fedha, na mtu mwenye kifurushi cha saa moja hapekui barua za zamani. Aliiona barua ile siku nne baada ya usaili kupita.

Alipowapigia simu waliomwita, alijibiwa kwamba barua ilitumwa na bila shaka aliipata. Hilo la kutumwa ni kweli. Lakini ndugu wasikilizaji, lazima tufahamu kwamba aliyetuma haioni alama ya kuonwa iliyo katika sanduku la mpokeaji. Alama hiyo ni ya ndani ya sanduku. Kile kinachoitwa taarifa ya kusomwa ni kitu kingine kabisa: ni barua ya pili, inayorudishwa kwa mtumaji endapo aliiomba na endapo programu ya mpokeaji imekubali kuituma, na programu nyingi humwuliza mwenyewe kwanza. Hata taarifa hiyo ikirudi, inasema tu kwamba barua imefunguliwa mbele ya kioo fulani. Haisemi ni nani aliyekuwa amekaa mbele ya kioo hicho.

Nalisisitiza hili kwa sababu ofisi nyingi sasa zinafanya kazi kwa barua pepe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imezipa kumbukumbu za namna hii nafasi katika ushahidi, na ni vizuri. Lakini mkuu wa idara anayemwandikia mtumishi barua ya onyo kwa kuwa mtaalamu wa kompyuta ameangalia seva akakuta alama ya kuonwa, huyo anajenga nyumba juu ya mchanga. Katika ofisi ambamo katibu muhtasi anafungua barua za bosi, na bosi ana simu mbili, alama ile haiwezi kumtaja mtu. Masijala ya zamani ilikuwa na daftari la kusaini unapopokea barua, na sahihi ilikuwa ya mtu.

Niseme machache juu ya kufuta. Katika IMAP barua iliyofutwa haiondoki. Inatiwa alama ya kufutwa, inabaki pale pale, mpaka amri ya pili itolewe ya kufagia zote zenye alama hiyo. Kabla ya fagio, alama inaweza kuondolewa na barua ikarudi kama kawaida. Siku hizi programu nyingi huipeleka kwanza kwenye sanduku la takataka, na katika Gmail barua hukaa humo siku 30 kisha huondolewa. Kwa hiyo aliyefuta kwa bahati mbaya ana nafasi, na aliyefuta kwa kuficha asijipongeze mapema.

Si barua tu zinazotiwa alama. Hata masanduku yenyewe yanatiwa, maana ndani ya anwani moja kuna visanduku vingi: zilizotumwa, zinazoandikwa, taka, kumbukumbu. Hapa naomba mkumbuke lile jina la Magomeni. Iko Magomeni Dar es Salaam, iko Bagamoyo, iko Mtwara, iko Unguja, na iko hii ya Kilosa. Jina peke yake halitoshi. Ndiyo maana mwaka 2022, kabla ya sensa, nchi nzima iliendesha operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapewa namba na barabara majina. Katika barua pepe tatizo lilikuwa kinyume chake: kitu kimoja, majina mengi. Programu moja iliita sanduku la zilizotumwa kwa jina hili, nyingine kwa jina lile, Mjerumani kwa Kijerumani, na mtu mwenye simu na kompyuta alijikuta ana masanduku matatu ya zilizotumwa, kila moja na barua zake. Mwaka 2011 ukatolewa utaratibu wa kulitia sanduku sifa inayosema kazi yake: hili ni la taka, hili la zilizotumwa, hili la zinazoandikwa. Jina libaki lolote. Programu itazame sifa. Kwa njia hii mtu anaweza kuliita sanduku lake kwa Kiswahili, au hata kwa Kisagara akipenda, na mtambo usipotee.

Iko pia sifa inayosema kwamba jina hili halifunguki, limewekwa tu ili lishike mengine chini yake. Ni kama kusema wilaya: huwezi kulala katika wilaya ya Kilosa bila kulala katika kata fulani na kijiji fulani.

Lakini sanduku la taka ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Seva ndiyo inayoamua, kwa kukisia, kwamba barua fulani ni ya matapeli au ya matangazo, na kuitupa humo. Mara nyingi inapatia, na tunashukuru, kwa sababu matapeli ni wengi. Lakini barua ya kuitwa kazini, iliyotumwa kwa watu mia tano kwa mpigo, yenye kiambatisho, kutoka kwa anwani usiyowahi kuandikiana nayo, inafanana sana na barua ya tapeli. Nayo katika Gmail hukaa siku 30 tu. Kwa hiyo kijana anayengoja jibu hana budi kufungua sanduku hilo mara kwa mara, na akiikuta barua ya haki humo aseme kwamba si taka, ili seva ijifunze.

Na wale wenye maduka ya stesheneri, ambao bila wao vijana wengi wa wilayani wasingeomba kazi yoyote, nawaomba jambo moja. Mfungulieni mteja anwani, lakini neno la siri alitunge mwenyewe, aliandike katika karatasi yake, na kompyuta yenu ifungwe anapoondoka. Najua kazi itachelewa kidogo.

Yule mwenye duka wa Kilosa hakukaa kimya baada ya kisa kile. Daftari la maneno ya siri amelichoma. Kwa wateja wasio na simu, ambao bado wanamwomba awaangalizie barua zao, amemwelekeza msaidizi wake kwamba kila anapofungua barua ya mteja asiitoke kabla ya kufanya mambo mawili: kuitia nyota, na kubonyeza pale palipoandikwa kwamba haijasomwa. Kisha ampigie simu mwenyewe.